Galila na Jani la Ayubu

Kijijini kwao, kusini mwa Misri, watu wote walijua kwamba Galila hana subira, isipokuwa Galila mwenyewe. Wenzake wakishaanika unga wa mkate uliokandwa juani uumuke, juu ya visahani vya udongo, huenda zao kufua. Yeye alisimama pale pale, mkono kiunoni, akiuambia unga, "Umuka basi, wangoja kubembelezwa?" Jua lenyewe lilikuwa likiona haya, likajificha nyuma ya wingu, na Misri kusini wingu si jambo la kuonekana ovyo. Lakini kasisi akihubiri habari za subira ya Ayubu, Galila alitikisa kichwa taratibu, akiwahurumia wale wasiojaliwa.

Kisha mumewe Zakhari akaanguka kutoka juu ya mtende.

Zakhari alikuwa mpanda mitende tangu ujana, na alipanda juu hata kunguru wakamzoea, wakawa wanamwachia nafasi ya kukaa. Siku ya kuangua tende kamba ya kiunoni ikakatika, akashuka yeye na kole zima la tende. Tende zilipona zote, kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia chini. Miguu ndiyo iliyogoma. Daktari wa mjini alisema uti wa mgongo umeumia lakini haukukatika. Huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi. Wamkande kila siku, wangoje.

"Tungoje mpaka lini?" Galila akauliza.

"Mpaka zirudi, mama."

"Na zisiporudi?"

"Utaendelea kukanda."

Galila akarudi nyumbani akinung'unika njia nzima, eti mtu kasoma mpaka nywele zimemtoka kichwani, kumbe jibu lenyewe hata mbuzi wake angempa.

Akaanza kukanda. Kila asubuhi mafuta, kila asubuhi swali lile lile.

"Unasikia?"

"Nasikia sauti yako," Zakhari hujibu.

Baridi ikaja, ikapita. Ikaja Kwaresima, na Galila akafunga kwa nguvu zote, maharagwe matupu na mkate, huku akimpigia Mungu mahesabu: mimi nimeacha samli, nimeacha mayai, nimeacha hata kumsema wifi yangu mpaka saa sita mchana, nawe toa chako. Kasisi alipokuja kumwombea mgonjwa, Galila alimvizia mlangoni.

"Baba, Mungu ametusahau?"

"Hasahau, mwanangu. Ana saa yake, wala haichelewi."

"Baba, hiyo saa inatiwa ufunguo na nani? Maana naona imesimama."

Kasisi akacheka mpaka akashika ukuta. "Yeye ndiye mwenye saa na mwenye mkono wa kuitia ufunguo. Wewe kazi yako kukanda."

Akawa wa pili kutoa jibu la mbuzi.

Ikafika Juma Kuu. Katika juma lile Jumatano ni ya Ayubu. Wanawake huteremka pamoja mpaka kando ya mfereji kuchuma jani ambalo, kwa masimulizi ya wazee, Ayubu alijisugua nalo madonda yake yakakauka. Huliloweka majini, wakaogesha watoto, wagonjwa na wenye vinyongo. Anayewaongoza ni Tafida, dada yake Zakhari, kwa kuwa macho yake hulitambua jani lile kwa mbali.

Sasa Galila akawaza: Jumatano kijiji kizima kitakuwa kinapiga kelele mbinguni, nani atamsikia mtu mmoja? Afadhali yeye atangulie Jumanne, mlango ukiwa hauna foleni. Watu husema subira huvuta heri. Galila aliona heri afadhali ivutwe kwa kamba.

Tafida akamwona akipita na kikapu.

"Wifi, waenda wapi na kikapu siku isiyo ya sokoni?"

"Kutafuta upepo."

"Upepo unabebwa kwa kikapu siku hizi? Kama ni jani la Ayubu, ngoja kesho. Wewe hulijui."

"Mimi nisilijue? Ayubu mwenyewe akinikuta njiani ataniamkia shikamoo kwa subira niliyo nayo."

Akateremka. Kando ya mfereji akaona majani mabichi, mengi, yenye vijinywele vinavyong'aa kwa umande. Akayachuma kwa mikono yake iliyokomaa tanurini, mikono ambayo ilikuwa ikiokota kaa la moto na kulilaumu kwa ubaridi. Haikumwambia kitu. Nyumbani hakuyaloweka hata kidogo, kwani kuloweka nako ni kungoja. Akamfunua Zakhari miguu, akaanza kusugua kutoka pajani kushuka, huku akiomba kwa sauti ya mtu anayedai chenji.

Zakhari akainua kichwa. Akakunja uso.

"Galila. Panawasha."

"Nyamaza, naomba."

"Nakwambia panawasha."

"Wapi?"

"Mguuni."

"Mguu wa nani?"

Hapo mkono wake ukasimama hewani. Wakaangaliana. Ndipo Galila naye akasikia moto viwikoni, shingoni, kila mahali alipojifuta jasho kwa mkono ule. Tafida, aliyekuwa amemfuata kwa umbea, akaingia, akaokota jani moja kwa ncha ya shela yake.

"Wifi, huu ni upupu wa mferejini. Hata punda akiuona hubadili njia." Akamtazama uso uliokwisha fura. "Uliomba subira ya Ayubu, naona umeanzishiwa na upele wake."

Galila akanyoosha mkono amkune mumewe.

"Usinikune," Zakhari akasema, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. "Ngoja kwanza niusikie."

Basi akangoja. Akakaa chini kando yake, mwili mzima ukimwaka, asijikune wala asiseme neno, huku Zakhari akiusikiliza mguu wake wa kushoto kama mtu anayesikiliza hodi ya mwanawe aliyekuwa safarini. Mguu wa kulia ulikuwa kimya.

Kesho yake Galila aliteremka mferejini na wanawake wote, nyuma kabisa, akiwa na uso kama boga, akachuma kila jani aliloonyeshwa na Tafida. Walipoulizana kama ni upupu uliomponya mtu, yeye ndiye aliyewakatiza.

"Upupu haujaponya mtu. Mungu alikuwa keshafika mlangoni kwa saa yake, na mimi kwa haraka zangu nikammwagia miba kizingitini. Akaikanyaga akaingia."

Wakati wa tende Zakhari aliweza kusimama kwa mkongojo, akawapigia kelele vijana waliokuwa juu ya mitende yake, kwamba wanapanda kama mabwana harusi. Mguu wa kulia aliuburura nyuma. Na kila asubuhi Galila aliuweka mapajani mwake, akaupaka mafuta.

"Unasikia?"

"Nasikia sauti yako."

"Basi tuna pa kuanzia," husema, akaendelea kukanda.