Jibu la Mama kwa Wanawake wa Toronto

Kanisa letu la Kiswahili halikuwa na jengo lake. Kila Jumapili mchana, wenyeji wakishamaliza ibada yao na kunywa kahawa, sisi tuliingia ukumbi wa chini wa kanisa lao la mawe katikati ya Toronto, tukapanga viti upya na kusali hadi giza liingie. Watanzania tulikuwa wengi, Wakenya kiasi, na familia chache za Wakongo. Tulikuwa tumeshazoea kufagia kabla na baada, na kuongea kwa sauti ya chini kwenye korido kama watu walio nyumbani kwa mtu.

Mwaka ule wenyeji walikuwa wanaandaa sherehe ya kumbukumbu ya kanisa lao. Mwenyekiti wa kamati yao alikuwa mama wa Kizungu, mwalimu mstaafu, mpole wa sauti. Siku moja alinifuata nikiwa nakunja viti.

"Umewahi kuniambia unatoka Dodoma," alisema kwa Kiingereza. "Tumepata boksi la barua stoo. Mmisionari wetu wa kwanza alikwenda huko na mumewe. Alikuwa akiwaandikia akina mama wa hapa, na wao wakimjibu. Tungependa usome barua moja kwa Kiswahili siku ya sherehe, halafu kwa Kiingereza."

Sitadanganya, nilifurahi. Nimeishi mji huu zaidi ya nusu ya maisha yangu, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna karatasi za Ugogo, kwetu Dodoma, zimelala chini ya miguu yangu kila Jumapili. Alinipa nakala za boksi zima, pamoja na ile barua waliyoichagua wenyewe, nikazipakata kwenye basi hadi Flemingdon Park.

Naishi huko na mama yangu, ghorofa ya juu, dirisha likitazama bonde la mto Don. Mama amepita miaka themanini. Kiingereza anakielewa kuliko anavyotaka watu wajue. Mimi nafanya kazi ofisi ya bima, na kutwa nzima nasoma barua za watu wanaoeleza mikasa yao ili waaminiwe. Kwa hiyo najua mtu anavyoandika anapohitaji kitu kwa yule atakayeisoma barua yake.

Jumamosi asubuhi nilikaa mezani jikoni kutafsiri. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Nilikuwa nasoma kwa sauti ili anisahihishe Kiswahili changu, maana kimechakaa kidogo. Barua ilianza vizuri, habari za mvua na shule na vitambaa vilivyofika salama. Kisha nikafika hapa:

"Wanawake wa huku hawana mapenzi kwa watoto wao kama tuliyo nayo sisi. Wiki hii jirani yetu alifiwa na mtoto mchanga. Hakulia. Kesho yake alfajiri nilimwona akienda shamba, jembe begani, kana kwamba amepotelewa na kuku."

Mkono wa mama ulisimama juu ya maharage.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Alimfuata huko shamba?"

"Haisemi, mama."

"Hakumfuata," alisema. Akasukuma sinia pembeni.

Nilijua kwamba kabla yangu alizaliwa kaka yangu, akafa angali ananyonya. Jina lake lilitajwa nyumbani wakati wa sala, basi. Sikuwahi kuuliza zaidi na mama hakuwahi kueleza. Asubuhi ile alieleza, bila kunitazama, kama mtu anayempa karani maelezo.

"Kaka yako alipokufa nyumba ilijaa watu. Kila anayeingia ananiambia nyamaza, mshukuru Mungu, utapata mwingine. Nikanyamaza. Kesho yake nikachukua jembe nikaenda kwenye mtama. Nililia kule mpaka nikatapika. Nilikuwa nalima shamba langu, nikavuka nikawa nalima la jirani, sijui hata naelekea wapi. Kule hakuna wa kukunyamazisha. Jua lilipokuwa kali nikanawa uso, nikarudi kupika. Mzungu angeniona njiani, angeandika hivyo hivyo."

Nilimmiminia chai, na chai ikapoa.

Jumapili nilimweleza mwenyekiti kwamba siwezi kusoma kipande kile kama kilivyo. Alisikitika, na nadhani alisikitika kweli.

"Hiyo ni historia," alisema. "Watu wa wakati ule walifikiri hivyo. Lakini ruka tu, soma sehemu ya shule na vitambaa. Hakuna atakayejua."

Nilimpelekea mama jibu hilo nikitegemea atatulia. Ndio kwanza alikasirika.

"Wakiiruka itabaki ndani ya boksi vile vile. Siku nyingine mtu ataitoa na kuisoma, na mimi sitakuwepo. Usiruke hata neno. Soma yote, halafu mimi nitajibu."

"Utamjibu nani, mama? Yule alishakufa zamani."

"Waliopelekewa barua si wako hapa? Kanisa si ni lile lile?"

Kabla ya kuandika jibu alitaka kujua barua nyingine zinasema nini. Kwa hiyo kila nikitoka kazini nilimsomea, yeye kwenye kochi, blanketi miguuni. Zile za mwanzo zilitushangaza. Yule mama mmisionari alipofika Ugogo alishikwa na homa, na wanawake wa kijiji walimbeba, wakamlisha uji, wakamchotea maji mbali msimu wa kiangazi. Aliwataja kwa upendo. Aliandika kwamba hajawahi kutunzwa vile hata na ndugu zake.

Majibu kutoka Toronto nayo yalikuwamo, maana katibu wa chama cha akina mama alikuwa akiweka nakala. Katika mojawapo alimwambia mmisionari kwamba barua zake ni nzuri, lakini haziwagusi watu. Wanachama wanapungua. Je, hangeweza kuwaandikia zaidi juu ya giza la maisha ya wanawake wale, ili mioyo iguswe? Barua iliyofuata kutoka Ugogo ndiyo ile ya jirani na jembe.

Barua ya aina hiyo naipokea kazini kila wiki. Mtu ameambiwa maelezo yake hayatoshi, anarudi na maelezo mengine.

"Kumbe walimwagiza," mama alisema.

Nilimwambia mwenyekiti kwamba nitasoma barua yote na mama ataijibu; aliomba kuona maandishi kwanza, mama akakataa, na habari zikamfikia mchungaji wetu. Alikuja nyumbani siku ya kazi jioni, amevaa tai, nikajua si ziara ya kawaida. Alimwamkia mama, akakaa, akakataa ugali akakubali chai.

"Dada," aliniambia, "mwenyekiti amenipigia. Anasema mama anataka kuhutubia, na hamtaki kuonyesha maandishi kabla. Sisi pale ni wageni. Ukumbi ni wao."

"Mchungaji, mimi ni raia wa nchi hii tangu wanangu hawajazaliwa. Ugeni wangu utaisha lini?"

"Nazungumzia ukumbi, dada. Nina watu wanataka mahali pa kusali. Wakitufungia mlango nitawapeleka wapi, na baridi hii?"

Hakuwa mwoga. Alikuwa na mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa sisi. Nilianza kulegea, na nadhani mama aliliona hilo, kwa sababu aliingia kati.

"Mchungaji, wewe ukitaka kuhubiri, huwa unaniletea mahubiri yako kwanza niyakague?"

"Hapana, mama."

"Na ile barua ya yule mama, kabla haijasomwa huku kanisani, kuna mtu wa kwetu aliyeikagua?"

Mchungaji alitazama kikombe chake. "Sidhani, mama."

"Basi kunywa chai."

Alikunywa, akatuombea, akaondoka bila kutukubalia wala kutukataza. Wiki hiyo hiyo mwenyekiti aliniandikia kwamba ratiba imejaa na jibu la mama halitakuwemo. Aliongeza kwamba wangefurahi tukivaa mavazi yetu ya asili yenye rangi.

Siku ya sherehe mama alivaa sketi nyeusi, sweta la kijivu na buti zake za theluji. Vitenge vyake vizuri alivikunja akavirudisha kabatini. Mimi nilivaa suti ya kazini. Juu kanisani kulijaa, wenyeji mbele, sisi nyuma. Kwaya yetu ikaimba, ikapigiwa makofi. Kisha nikaitwa.

Nilisoma barua yote kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye jembe na kuku nilisikia viti vya nyuma vikilia. Watu wetu walikuwa wanageuka kutazamana. Halafu nikasoma kwa Kiingereza, na safari hii kimya kilikuwa cha viti vya mbele. Nilipomaliza, mwenyekiti alianza kuinuka ili anishukuru. Sikushuka. Nilimnyooshea mama mkono, naye akaja kwa mwendo wake, kanisa zima likimsubiri.

"Nafikiri tumebanwa na muda," mwenyekiti alisema taratibu.

"Tutakuwa wafupi," nilimjibu, nikashusha kipaza sauti kimfikie mama.

Alikuwa na karatasi mkononi lakini hakuitazama. Alisema kipande, akanyamaza, mimi nikatafsiri.

"Akina mama wa Toronto, nawasalimu. Barua tumeipata. Jibu limechelewa kwa sababu hatukuwa tumeonyeshwa.

"Yule jirani mliyeambiwa hakulia, alilia. Alilia shambani. Nasema hivyo kwa sababu na mimi nilizika mtoto, na kesho yake nilichukua jembe, na nikalia huko ambako hakuna mtu wa kuniambia ninyamaze."

Hapo sauti yangu ilikatika. Kaka yangu hakuwahi kutajwa mbele ya watu, na sasa nilitakiwa kumtaja mimi, kwa Kiingereza, mbele ya watu wale. Mama alisubiri. Hakunishika bega wala kunibembeleza. Alisubiri mpaka nikaweza, nikasema.

"Mgeni wenu aliwaandikia kwanza kwamba wanawake hawa walimwuguza. Hamkuridhika. Mlimwambia haiwagusi watu. Akatafuta ya kuwagusa, akaipata kwa jirani aliyefiwa. Kwa hiyo sigombani naye peke yake. Nagombana na waliomtuma atafute.

"Vitambaa vyenu vilivaliwa, asanteni. Mimi ni Mkristo, nilibatizwa, nitazikwa Mkristo. Imani yangu si zawadi yenu, kwa hiyo sina shukrani ya kuwapigia magoti. Machozi hamkuyaona. Mngesema tu kwamba hamkuyaona.

"Naomba karatasi hii iwekwe kwenye boksi lile, pamoja na zile nyingine."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu alikohoa. Mpiga kinanda, Mungu ambariki, alianza wimbo uliofuata kabla ya wakati wake, na tukarudi kwenye viti vyetu watu wakiimba huku wanatafuta ukurasa.

Wakati wa chai mwenyekiti alinijia, uso umemwiva.

"Mngeniambia kwamba mtafanya hivi."

"Tulikuambia," nilisema.

"Mlijua watu wangeumia."

"Mama yangu aliumia mezani kwangu. Na wewe ulisema niruke, hakuna atakayejua."

Nilimnyooshea ile karatasi, hakuipokea. Alisema boksi ni la kumbukumbu za zamani, si mahali pa kuweka mambo ya sasa. Mama akaichukua mkononi mwangu, akaiweka mezani katikati ya vikombe, akaenda kutafuta koti lake.

Baada ya wiki chache mchungaji alipata taarifa kwamba ukumbi unahitajika mchana wa Jumapili kwa shughuli nyingine. Sababu haikutajwa, na tarehe ya mwisho ilikuwa karibu. Kwenye kundi letu la WhatsApp watu walisema waliyosema. Mmoja aliandika kwamba bibi mmoja ametuuza kwa ajili ya hasira zake. Wengine walimtetea, na mmoja wao alikuwa mama wa Kikongo ambaye hata hatukuwa na mazoea naye. Aliandika kwamba yeye alizika wawili na hakuna aliyemwona akilia. Baada ya hapo mabishano yakapungua.

Tulihamia ukumbi wa michezo wa shule moja North York. Pananuka mpira na jasho, na madhabahu yetu iko chini ya goli la kikapu. Familia mbili tatu hazikuja tena. Mchungaji alitununia hadi majira yalipobadilika. Hakutuomba radhi na sisi hatukumwomba, lakini Jumapili moja alisimama akasema kwamba mwaka huu tutaanza kutafuta mahali petu wenyewe, hata pakiwa padogo, ili mtu akitaka kusema kitu asiombe ruhusa ya ukumbi. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa akitazama upande wetu.

Kama mama anajuta, mimi sijaona. Jioni ile tuliyopata habari za kufukuzwa nilimwuliza. Alisema kanisa lile lina mabomba ya joto yanayogonga kama mtu anayedai kitu, hatalikumbuka.

Kisha akauliza nakala za boksi ziko wapi. Nilikuwa nazo zote.

"Leta nyingine," alisema.

Tangu hapo Jumamosi asubuhi ni za barua. Mimi nasoma, yeye anasikiliza, ananipa jibu kwa Kiswahili, naandika na kutafsiri, na kila jibu tunalipeleka posta kwa anwani ya kanisa lile. Hawajawahi kujibu, na mama hajali. Nyingine hazina ubaya, naye anazijibu kwa heshima, kwa mfano ile ya uji na maji ya kiangazi, ambayo katika kuijibu alimshukuru yule mama kwa kuwataja jirani zake. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya ile inayosema nyumba zetu za tembe ni mashimo yasiyofaa binadamu. Jibu lake lilijaza kurasa nyingi. Alieleza paa la udongo linavyojengwa, nani anakata miti na nani anakandika, na jinsi ndani kunavyokuwa na ubaridi mchana na joto usiku. Mwisho akaniambia niandike kwamba katika tembe ya baba yake hakuwahi kulala amevaa soksi, na hapa Toronto, Januari yote, analala na jozi mbili.