Nilivyomlilia Mama Mkwe Aliye Hai

Chekeni mapema mmalize, maana mimi mwenyewe nikikumbuka siku ile natamani ardhi ipasuke niingie, na hapa Ushirombo bado wapo watu wakinikuta sokoni wanaweka mikono kichwani kunikejeli.

Tulikuwa tunarudi kutoka Masasi kwa kaka yangu, mimi na Baba Kulwa na mapacha wetu, na mtu asikudanganye kwamba kukata nchi nzima na watoto kwenye kigari kidogo ni starehe. Ni kutapikiwa, ni kugombana nani kakalia mkate, ni miguu kuvimba, na mimi ni mtu nisiyeweza kutulia hata kanisani! Nafungua kioo, nafunga kioo, navua viatu, navaa, mpaka Baba Kulwa akasema, "Mke wangu, hata ukilisukuma kwa kichwa, gari haliendi zaidi ya hapa."

Kilichoninyima raha ni mama mkwe. Tulimwacha presha imepanda, na ingawa wifi yangu Minza alikuwa naye, roho yangu ilikuwa juu juu njia nzima. Sasa huyo Minza naye, tangu Dodoma, anapiga simu, "Wifi, mmefika wapi?" Manyoni anapiga, Singida anapiga, "Mmefika wapi?" na mtandao unakata kabla hajasema la maana. Nikachoka. Nikaizima simu (ya Baba Kulwa ilishapasuka kioo huko huko Masasi), nikasema nitaiwasha nikifika. Basi, kosa langu lilikuwa hilo tu, jamani.

Nzega tukapita, Tinde tukapita, Kahama tukapita bila hata chai, kwa kelele zangu. Tunakata kona ya kuingia nyumbani, naona turubai. Turubai la bluu, uwanjani kwa mama mkwe! Viti vya plastiki, wazee wamekaa kimya wanatazama chini, na huko nyuma wanawake wamejifunga kanga viunoni wanapika kwenye masufuria makubwa. Na mnajua kwetu mke wa mtu hafiki kwenye msiba wa mama mkwe kama anakwenda dukani. Unaanza kulia toka barabarani, usikike, la sivyo utasemwa mpaka uzeeke.

Gari halijasimama vizuri nikafungua mlango, nikatupa kandambili, mikono kichwani. "Mayu wane! Mama yangu mie! Umeondoka bila kuniaga!" Na kwa kuwa kulia kwetu ni kusema, si machozi matupu, nikaongeza, tena kwa sauti yangu hii ya kwaya, "Minza umemwachia nani, mama? Na mdomo ule, nani atamuoa?"

Jirani yetu Mama Kashinje alikuwa anapita na beseni la dagaa; hakuuliza, akalitua, akapokea kilio. Wengine wakatoka majumbani mbio. Mimi huyo, nagaragara kwenye vumbi mpaka miguuni pa mzee mmoja mwenye fimbo, simjui, akanyanyua miguu kama kaona nyoka.

"Nani kafa?"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Kasimama mlangoni na mwiko mkononi, mzima kabisa, presha sasa ikapanda yangu. Nyuma yake Minza, kasukwa, kavaa gauni jipya la kitenge, machozi yanamlengalenga. Ndipo nikaelewa: wale walikuwa wakwe kutoka Mwadui, wamekuja kuzungumza ng'ombe wa mahari, wameiwahisha siku, na hilo ndilo Minza alilokuwa ananitafutia njia nzima. Kimya kile kilikuwa cha watu waliokwama kwenye dume moja. Na Minza alishangoja sana, wadogo zake wote wameshaolewa, halafu mimi namtangaza mdomo mbele ya wenye ng'ombe!

Yule mzee wa fimbo, kumbe ndiye mshenga, akainuka. "Tulikuja kuchukua mke," akasema. "Kwenye nyumba ya kilio hatuchukui kitu." Wenzake nao wakasimama.

Nikapiga magoti na vumbi langu. "Shikamoo baba. Kosa ni langu, si la Minza. Nimetoka safari, nilizima simu, nikadhani mama hayupo tena."

Hakuitikia. "Na mdomo? Huo nao ulidhani?"

Ningesemaje, na kijiji kizima kimesikia? "Anao, baba. Lakini bila mdomo huo mama asingemeza dawa hata siku moja."

Akamgeukia mama mkwe. "Ni kweli?"

"Ananifokea kama mtoto," mama mkwe akajibu. "Ndiyo maana unaniona nimesimama."

Mzee akaguna, akakaa. Wenzake wakakaa. Lakini dume lile walilokuwa wanabishania halikutajwa tena, na upande wetu hakuna aliyethubutu kulidai.

Siku hizi simu siizimi, na nikiona turubai nauliza kwanza, hata kwa mtoto anayechunga mbuzi. Ila aibu siyo iliyoniuma zaidi. Siku Minza anachukuliwa alinivuta pembeni akaniambia, "Wifi, nakuomba, wewe usilie." Kwetu bibi harusi akiondoka wanawake wote hulia, ndiyo heshima yake. Mama mkwe alilia, hata Mama Kashinje alilia. Mimi niliyekula naye sahani moja miaka yote ile nilisimama jikoni nimeuma kanga, mpaka gari lao likatokomea.