Pua ya Mama Neema

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya uchongaji hapa Lushoto, Mkuu wa Karakana alinipa tezo, kisha akanipa onyo: "Ukichonga sura ya mtu aliye hai kwenye chombo chake mwenyewe, kila pigo la patasi linamkata siku moja." Nikaamini kabisa. Mimi, mwenye cheti cha masomo ya jioni, niliyeisoma sayansi mpaka mwalimu akaomba apumzike!

Kazi yetu ilikuwa kuyapa mabaki sura. Tuliokota vinu vilivyopasuka, miguu ya vitanda, misumeno iliyokufa kwenye kiwanda cha mbao. Tezo, shoka dogo lenye makali yaliyokingama kama ya jembe, ilipunguza mti. Patasi ikatoa macho na midomo. Vipande tukaviunga kwa vijiti vya mti mgumu, bila msumari hata mmoja. Nilitumwa Bungu, nikatumwa Mnazi kwenye joto la kukaanga yai juu ya kipara, na kote nilirudi na mzigo ambao punda watatu wangeususa. Sanamu zikauzwa kwa wageni wanaopanda mlima wa Irente kutazama mandhari. Mimi nilichonga marehemu tu.

Kisha mke wangu akaanza kuugua tumbo. Kinu chake kilikuwa kimepasuka. Akakisukuma kwa mguu hadi nilipokaa.

"Baba Neema, nichonge humu. Neema akizaa, mtoto amjue bibi yake."

"Nitakumaliza, mama."

"Umewachonga watu wote, mimi unanibania?" Akacheka, huku ameshika tumbo. "Basi chonga pua tu. Pua itakula siku ngapi?"

Sikuchonga hata pua. Patasi nikazifungia kabatini.

Tulimzika wakati wa masika, kwenye matope. Sasa ruhusa ilikuwapo. Nikakaa mbele ya kinu asubuhi nzima, na pua sikukumbuka ilianzia wapi. Picha ya kitambulisho ilikuwa imefifia, imebaki kilemba.

Siku ya kustaafu nilikwenda kukabidhi zana. Mtunza Stoo, mzee aliyenitangulia kazini, alinikuta nimeng'ang'ania patasi. Nikamwamkia, nikamweleza yote.

Akavua miwani.

"Ndugu yangu, yale Mkuu aliyatunga. Watu walikuwa wakileta vinu vyao, mafundi wanawachonga, wanaondoka navyo nyumbani. Yeye alivitaka viende Irente, vikauzwe kwa wageni."