Mashine ya Mama Isiyoingia Uvunguni

Mama ni fundi cherehani, anashinda amekaa. Daktari alipompima presha alimwambia atembee nusu saa kila siku. Akajaribu. Alitoka nyumbani kwetu hapa Ruangwa saa kumi na moja jioni, akarudi karibu na magharibi, na hata sokoni hakufika. Huku kwetu humsalimii mtu mzima huku unatembea. Unasimama, unainama kidogo, unauliza wa nyumbani, unauliza na mikorosho. Siku ya nne mama akaacha kabisa. Bibi, mama yake, alipooza upande mmoja kwa presha hiyohiyo, na alikuwa ameificha mpaka siku ile. Nikawa naogopa, na kusema siwezi.

Shangazi aliye Nachingwea akatuambia kuna duka huko linauza mashine za kukimbilia zinazokunjwa. Jumamosi tukaenda. Mama alikuwa na sharti moja tu: iingie uvunguni, wageni wasije wakaiona wakasema fundi anaumwa.

Dukani zilikuwepo mbili. Moja bapa kama mkeka, haina pa kushika. Nyingine ina mikono miwili na kamba nyekundu ya kubana kwenye nguo. Ukiivuta, mashine inazima. Mama aliipenda ile bapa. Akaubinya mkanda wake kwa vidole viwili kama anavyobinya kitambaa, akatafuta maungio, akamwambia muuzaji kwamba mshono ule asingeupokea hata kwa mwanafunzi wake. Muuzaji akamwomba apande. Mama akanisukuma mimi. Nikakataa, maana mlangoni walikuwepo watu watatu wanatazama, na mimi hata kusoma darasani kwa sauti ni kazi.

Basi akapanda mwenyewe, baibui amelishika. Alitembea vizuri, nikamwona ameanza kujisikia. Ndipo akaingia mzee mmoja aliyefuata balbu. Alikuwa mwalimu wake wa madrasa wa zamani. Mama akasimama palepale na kukunja goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Yeye alisimama, mashine haikusimama. Ikamrudisha nyuma taratibu, bado ameinama, uso umejaa heshima, mpaka akanifikia kifuani. Tukaangukia maboksi ya feni.

"Marahaba, mwanangu," mzee akaitikia. "Mbona unaondoka kabla hujanijulia hali?"

Mlangoni walicheka sana. Nami nilicheka, halafu nikaona mama hacheki. Alijifuta vumbi, akasema turudi nyumbani, mambo haya si ya watu kama sisi.

"Mama, tuchukue yenye mikono."

"Ile haiingii uvunguni."

"Isiingie. Bibi naye alificha."

Sijawahi kumjibu hivyo, tena mbele za watu. Masikio yaliniwaka. Nilitazama chini nikisubiri kugombezwa. Mama akamgeukia muuzaji, akamwuliza ile kamba nyekundu inabanwaje.

Sasa mashine imesimama sebuleni kando ya cherehani, na hata mteja anayeleta suruali ya kufupisha anaiona. Siku za kwanza mama alikuwa anashusha pazia. Wiki hii ameacha. Jana jirani zetu wawili waliomba wapande kidogo tu, waone ikoje. Mama alikuwa juu ya mashine, na hakusimama. Aliwaonyesha mkeka, akawaambia wakae wasubiri, dakika zake bado.