Ahadi ya Ijumaa Saa Nne

Fatbardha alijifunza Kitaliano utotoni, kwa kutazama televisheni ya Italia iliyovuka bahari hadi nyumbani kwao, mji wa Shkodra. Hakujua kwamba ndicho kitakachomlisha ukubwani. Sasa, na miaka yake hamsini na nne, alikaa ghorofa ya tatu, kwenye ofisi ya mauzo kwa simu, na hedifoni masikioni, akiwauzia umeme Waitaliano ambao hawakuuomba. Kwa wateja alijiita Giulia. Mtambo ndio uliochagua namba na kupiga. Yeye aliona jina na mji tu, akaanza kusema. Wengi walikata hata salamu haijaisha. Wengine walimtukana, naye akawaombea heri kimoyomoyo huku simu nyingine ikiingia.

Jumatatu akapokea mzee mmoja wa Rovigo, jina lake Ottavio. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema umeme alio nao unamtosha. Lakini hakukata. Akamweleza kwamba Alhamisi anapasuliwa jicho, kwamba mkewe alishatangulia mbele ya haki, na kwamba siku hizi simu yake hulia kwa wauzaji peke yao.

"Basi nipigie Ijumaa saa nne, binti yangu. Uniulize jicho limeamkaje. Nitazima redio nisije nikakukosa."

"Nitapiga, baba. Neno langu hilo."

Lilishatoka. Na kwao neno la namna hiyo ni besa, ahadi ya heshima isiyovunjwa. Marehemu baba yake alizoea kusema kwamba mlango ukivunjika utapata fundi, besa ikivunjika haina fundi.

Ijumaa asubuhi akamfuata Gentjan, msimamizi wao, kijana wa rika la mwanawe, akamwomba amtafutie namba ile.

"Mama Bardha, huyo si alikataa?"

"Alikataa, mwanangu. Ila nimempa besa."

Gentjan akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mteja hatumpi besa, mama. Tunampa ofa."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee mwenyewe. Aliyekataa hufutwa siku hiyohiyo; hata msimamizi hana pa kumwona tena. Akasema laiti angemwomba namba akaiandika kwenye karatasi.

"Karatasi si mlitukataza mezani?"

Fatbardha akarudi kwenye kiti chake, akavaa hedifoni.

Saa nne ikafika. Mtambo ukampa mama mmoja wa Bari, akakata. Ukampa fundi magari wa Verona, akauliza kama huwa hawachoki. Kila mlio ulipoingia aliwahi kusoma jina, siye. Ilipogonga nne na nusu alimwona mzee wa watu kama yuko mbele yake, jicho limefungwa bandeji, redio kimya, mkono karibu na simu. Labda atajaribu kupiga yeye. Lakini namba ya ofisi haipokei simu. Na hata akibahatika kumpata mtu, atamuulizia Giulia, na ofisini hakuna aitwaye hivyo.

"Mola wangu," akanong'ona, "kamuulize wewe jicho limeamkaje."

Mlio ukaingia. Jina la mtu mwingine, mji mwingine.

"Habari za asubuhi," akasema. "Mimi naitwa Giulia."