Betri za Rangi Mbili

Kaka yangu alikufa siku ya Alhamisi, hospitalini Masafu, akiwa hana nyumba. Sisemi hakuwa na pa kulala. Alikuwa amepanga chumba Malaba miaka mingi, akishughulika na makaratasi ya malori mpakani, na chumbani alikuwa na kitanda kizuri na televisheni kubwa. Lakini nyumbani, kwenye boma la baba yetu, hakuwa amesimamisha hata ukuta mmoja. Na kwetu mwanamume mzima akifa hajajenga, maiti yake haipitishwi kwenye mlango wa ndugu. Anajengewa nyumba kwanza, hata kama ni ya chumba kimoja, yenye paa na mlango unaofungika, ndipo apokelewe humo kabla ya kuzikwa. Gari lingemleta Jumamosi alasiri. Fundi wa kujenga nilikuwa mimi, mdogo wake.

Vifaa vilikuwepo. Mbao, mabati na boksi mbili za skrubu zilikuwa zimelala nyuma ya jiko la mama tangu wakati wa kupanda mahindi. Kaka mwenyewe ndiye aliyezileta kutoka Malaba, juu ya lori la rafiki yake. Kwa nini zililala pale hadi akafa, hilo ndilo linalonikera mpaka leo, na lilianza na betri.

Kazi yangu ni mapaa na milango, nami huifanya na shemeji yangu, mume wa dada yangu. Mimi naishi Busia upande wa Uganda, yeye upande wa Kenya, na kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa kupoza chai. Miaka yote tulikokota jenereta kwenye maboma yasiyo na umeme, hadi jenereta ikafa kabisa. Tukakubaliana tununue mashine za betri. Hapo hatukugombana. Ugomvi ulikuja kwenye kuchagua.

Mtu asiye wa kazi hii anadhani ananunua mashine. Unachonunua ni betri. Kila kampuni ina betri yake, na kitako cha betri hiyo kimechongwa kiingie kwenye mashine za kampuni hiyo peke yake. Ukianza na rangi moja, basi drili, msumeno, grainda, vyote utavifuata kwa rangi hiyo, la sivyo utatembea na machaja na mabetri ya kila aina mgongoni. Kwa hiyo unachagua mara moja.

Mimi nilitaka nyekundu, iliyouzwa Tororo, kwa sababu mwenye duka alikuwa na fundi wa kufungua mashine na kuitengeneza. Shemeji alitaka bluu, iliyouzwa upande wake, nyepesi kidogo, na mafundi wenzake wote walikuwa nayo. Kila mmoja alikuwa na hoja zake na kila mmoja alizirudia. Mimi ni mkaidi, mama alilisema hilo kabla sijaota ndevu. Wiki zikawa miezi.

Ni katika miezi hiyo kaka alipoleta mbao zake.

"Mudogo wangu," aliniambia, "hiyo vitu iko tayari. Unakuja lini?"

"Ngoja kwanza tununue mashine," nikamjibu. "Na mashine, hiyo kazi ni ya siku mbili tu. Lakini usinunue misumari. Nunua skrubu."

Akanunua skrubu. Hakuwa mtu wa kusukuma watu. Kila alipopita Busia aliingia karakana, akasalimia, akakaa juu ya kipande cha mbao, na hakuwahi kuniuliza habari ya nyumba yake. Aliuliza neno moja tu.

"Mmechagua?"

Nami nikamwambia bado, nikaanza kumweleza ubaya wa bluu, naye akasikiliza hadi mwisho.

Hatimaye hatukuchagua. Siku moja, kwa hasira, nilikwenda Tororo nikanunua drili na msumeno, nyekundu, na betri mbili. Shemeji aliposikia akavuka kwao, akarudi na mashine ya kukaza skrubu na grainda, bluu, na betri mbili. Tulijidanganya kwamba tukiziweka pamoja tuna seti kamili. Wateja waliokuwa wamengoja wakati tunabishana wakatuvamia, na nyumba ya kaka ikaenda nyuma ya foleni, maana yeye ni ndugu, ndugu huelewa. Kisha nikafanya ujinga mwingine: nikakorogea plasta na ile drili, ikaungua. Ilikuwa bado Tororo kwa fundi, kaka alipolazwa.

Jumamosi hiyo nguzo zilikuwa zimeshachimbiwa na majirani tangu jana yake. Shemeji alifika saa mbili asubuhi. Nilimwona usoni kwamba kuna jambo.

"Shemeji, stima ilipotea kwetu tangu jana," alisema. "Hii moja imejaa. Hii nyingine iko na laini moja tu."

Betri zangu nyekundu zote mbili zilikuwa zimejaa pomoni. Nilizipanga juu ya stuli, taa zake nne zikiwaka kila nilipobonyeza. Msumeno wangu ulihitaji nusu ya betri moja tu kwa kazi yote ya siku. Iliyobaki haikuwa na mashine ya kuilisha.

Tulianza. Mimi nakata, yeye anakaza. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alitandika mkeka mbele ya nguzo na kukaa akitutazama, miguu ameinyoosha. Tulipomwomba aende kivulini, alikataa. Binamu yetu alikuwa Masafu chumba cha maiti, na kila baada ya muda alipiga simu. Wanamwosha. Wanamvisha. Suruali ni ndefu, wanakunja. Kwa kila simu nilizidi kuichukia sauti ya binamu yangu, ambaye hakuwa na kosa.

Betri ya bluu iliyojaa ilimaliza paa na ukuta wa nyuma, ikazimika. Tukampa bodaboda aipeleke kwa kinyozi pale senta, ambapo kulikuwa na umeme, pamoja na chaja. Tukabaki na ile ya laini moja. Mtu akasema tutafute misumari. Mwenye duka la misumari alikuwa pale pale kwetu, ndani ya kaburi hadi kiunoni, anachimba. Alitoka na udongo wake, akafungua duka, akatuletea alichokuwa nacho, kilo moja ya misumari ya mabati. Tukagongelea kuta za kando nayo yote ikaisha.

Ukuta wa mbele tulikaza kwa skrubu chache, moja pale ambapo pangehitaji tatu. Shemeji alikuwa ameusimamisha mlango kwenye fremu, ameushikilia kwa bega, mashine mkononi, alipogusa kitufe ikalia kidogo kisha ikanyamaza. Bawaba tatu, skrubu kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyoingia.

Simu ikalia. "Tumetoka," binamu akasema.

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka nasikia joto shingoni. Nilimnyang'anya shemeji mashine yake ya bluu, nikachukua betri yangu nyekundu, nikaanza kuilazimisha iingie. Niliipigilia kwa kiganja. Nikaiweka juu ya goti nikasukuma kwa nguvu zote, hadi kipande cha plastiki kikakatika.

"Shemeji, haiingii," alisema polepole. "Unajua haiingii."

"Ni wewe," nikamwambia, mbele ya shangazi na mbele ya majirani. "Wewe na bluu yako. Ungekubali nyekundu, ndugu yangu angekuwa na nyumba saa hii."

Kwetu mtu hamwinulii shemeji yake sauti msibani. Wachimba kaburi waliacha kuchimba. Shemeji hakuuachia mlango, maana ungeanguka. Alinitazama akiwa ameuegemea.

"Ule mwezi alileta mbao," alisema, "nilikuambia tumjengee na nyundo. Wewe ndio ulisema ngoja mashine."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameniambia, tumesimama mbele ya duka la Tororo, nami nikamjibu kwamba mafundi wa nyundo wamepitwa na wakati. Nilikuwa nimelisahau neno hilo kabisa, au nilikuwa nimelificha mahali nisipopita. Nikabaki na mashine yake magotini, nikalia, na sio kwa kaka tu.

Hapo shangazi akaingilia. Alisema kwa Kiswahili, ili shemeji naye asikie.

"Mutoto yangu iko njiani. Nyumba bila mulango ni banda ya mbuzi. Nyinyi mikono yenu imekufa?"

Nikamwaga sanduku la vifaa chini. Chini kabisa, chini ya kamba na penseli zilizovunjika, kulikuwa na bisibisi ya baba, yenye mpini wa mbao. Sikuwa nimeishika tangu siku nilipoanza kuota betri. Nilitoboa tundu kwa msumari uliopinda niliouokota chini, nikaweka skrubu, nikasukuma kwa kifua na kuzungusha. Ile ya kwanza iliingia. Shemeji akausogeza mlango kwa bega, kidogo juu, kidogo ndani, bila mimi kumwambia, kama tulivyofanya kabla ya jenereta. Kiganja kilichubuka kwenye skrubu ya nne. Kwenye ya tisa tulisikia kilio cha wanawake barabarani, na hapo tukajua gari limekata kona.

Bodaboda alifika mbele ya gari, anapeperusha betri ya bluu mkononi. Shemeji aliipokea, akaitia mfukoni.

"Malizia," aliniambia.

Nikamalizia. Tulifunga mlango, ukafungika. Shangazi akainuka, akaufungua kwa mkono wake mwenyewe, na kaka yangu akaingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, miguu mbele, suruali imekunjwa. Tulimzika kesho yake.

Tulipokuwa tunakusanya vifaa baada ya mazishi, nilimwomba shemeji msamaha. Akasema yaishe. Kisha akanisaidia kupiga hesabu, bila mimi kumwomba: nyumba kama ile, watu wawili, nyundo na bisibisi, ingechukua siku nne. Nilitamani asingehesabu.

Mwezi uliofuata niliuza nyekundu zote, hata ile betri iliyokatika kona, kwa fundi mmoja wa Mukuju. Nikavuka mpaka na shemeji hadi kwenye duka alikonunua bluu zake. Mwenye duka alichomeka betri ya bluu kwenye drili mpya, ikaingia kwa sauti ndogo tu, akaizungusha tuone. Shemeji akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Basi shemeji," akasema, "tumechagua."

Nilimwachia yeye abebe boksi. Nilitangulia mbele, hatua kumi na zaidi, hadi tulipovuka mpaka, ili asinione uso.