Sauti ya Mama Godlove

Mwinjilisti Eliudi wa mtaa wetu huku Old Moshi alikuwa mtu wa kutunza siri za watu. Waliomwogopa mchungaji walimwendea yeye. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa na kihamba cha migomba na kahawa kama sisi wote, na ukimkuta anakata majani alikuwa anakalia mzigo wake, anakusikiliza mpaka umalize. Simu janja zilipoenea, watu wakaanza kumpelekea mambo yale yale kwa WhatsApp. Akina mama hasa walimrekodia sauti, maana kuandika jambo zito ni kazi.

Binti yake Goodness, anayeuza kwenye duka la dawa kule mjini, Mawenzi, alimwambia mara nyingi aweke loki kwenye simu. Eliudi aliona hiyo ni dalili ya mtu mwenye mambo yake. Mwezi wa tano, kwenye semina ya ndoa, aliinua ile simu mbele yetu sote.

"Haina namba ya siri," alisema. "Mke wangu aishike, mwanangu aishike. Mtumishi wa Mungu anaficha nini?"

Tulipiga makofi. Mimi Wilson, katibu wa kwaya, nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwa sababu mke wangu alikuwa amekaa pembeni yangu.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba Eliudi alishuka mjini kununua pumba za ng'ombe. Pale Mbuyuni aliinama kumsaidia mpagazi kunyanyua gunia, na simu ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Alipotaka kumpigia mkewe, mfuko ulikuwa mtupu. Alitafuta hata chini ya magunia. Mwenye duka la pumba akampa simu yake ajipigie. Iliita mara nne, mtu akapokea, akanyamaza, akakata.

"Mzee, funga laini sasa hivi," mwenye duka alimwambia. "Piga huduma kwa wateja, wafunge. Halafu nenda polisi. Simu ina loki?"

"Ina," akajibu Eliudi.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Alinisimulia mwenyewe baadaye, na hakujipunguzia hata kidogo. Duka la Goodness halikuwa mbali, na Goodness angejua la kufanya. Lakini Eliudi alipofikiria jinsi binti yake atakavyomtazama, akaghairi kwenda. Polisi hakwenda. Laini hakuifunga. Alipandisha nyumbani na gunia lake, na mkewe Magdalena alipomuuliza mbona hapatikani, akasema simu imeharibika tundu la chaji, ameiacha kwa fundi.

Kesho yake alihubiri vizuri tu. Wakati wa matangazo nilisimama mbele nikasoma yaliyokuwepo, halafu nikamgeukia kama ilivyo kawaida yetu.

"Mwinjilisti, una tangazo lolote?"

Akatikisa kichwa.

Mchana huo namba yake ikaanza kutuma ujumbe kwa watu, mmoja mmoja. "Mpendwa, nimepata dharura. Nitumie elfu themanini kwa namba hii." Wawili walituma bila kuuliza. Wengine walijibu kwamba hawana, wakamwahidi maombi.

Ujumbe huo ulimfikia pia Theopista, jirani yangu, mjane, anayeimba sauti ya kwanza. Sisi tunamwita Mama Godlove. Wote tulijua Godlove yuko Geita, migodini. Ukweli ni kwamba alikuwa gerezani kwa kesi ya wizi wa pikipiki, na mtu pekee aliyeambiwa ni Eliudi. Alimsindikiza mama yule mara mbili kwenda kumwona. Siku ya hukumu, Theopista alishindwa hata kutembea mpaka kwa Eliudi. Alijifungia ndani akamrekodia sauti ya dakika tatu, akilia.

Sauti hiyo ilikuwa bado ndani ya simu.

Theopista alijibu ule ujumbe wa kuomba hela: "Mwinjilisti, sina. Unaijua hali yangu."

Likarudi jibu: "Naijua sana. Tuma, la sivyo kwaya yote itasikia habari za mwanao."

Hakupiga simu kuuliza. Mtu aliyekuandikia maneno kama hayo, utampigia umwambie nini?

Jumatatu, saa kumi alasiri, nilikuwa nakata majani simu ikalia. Katika grupu la kwaya, lenye watu sitini na tatu, namba ya Mwinjilisti ilikuwa imeweka sauti ya Theopista. Mimi ndiye msimamizi wa grupu, nilikuwa na uwezo wa kuifuta pale pale. Niliisikiliza kwanza. Nilisimama na panga mkononi nikasikiliza mpaka mwisho, ndipo nikafuta. Wengi walikuwa wameshaisikiliza.

Nilimkuta Eliudi bandani anamwagia ng'ombe pumba.

"Shikamoo, Mwinjilisti. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimefanya nini tena?"

Nikamweleza. Aliweka ndoo chini, akatafuta mahali pa kukaa, mwisho akakaa pale pale juu ya majani.

"Siyo mimi, Wilson. Niliibiwa simu Jumamosi."

"Jumamosi? Jana si tulikuwa wote kanisani?"

Magdalena alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alimtazama mumewe, akaingia ndani.

Niliiondoa namba yake kwenye grupu, nikaandika kwamba simu ya Mwinjilisti imeibwa na aliye nayo asijibiwe. Kisha nikampigia Goodness, nikampa baba yake aongee. Goodness hakumgombeza. Eliudi aliniambia afadhali angegombezwa. Yule binti aliuliza maswali matatu tu, akapiga huduma kwa wateja kutoka huko huko, laini ikafungwa jioni ile. Asubuhi walikutana polisi wakachukua ripoti ya upotevu, wakaenda kurudisha laini kwa alama za vidole. Goodness akaiweka kwenye simu yake ya zamani, akafungua WhatsApp kwa namba ile ile. Hapo ndipo mwizi alipotolewa.

"Kufunga laini peke yake hakukumzuia," alimweleza baba yake. "Alikuwa anaingia kwa intaneti ya kwingine. Sasa tufute na vilivyomo. Nywila ya barua pepe yako ni ipi?"

Eliudi hakujua kama ana barua pepe. Aliyemuuzia simu ndiye aliyeifungua. Waliipata kwa taabu, kwa kutumiwa namba ya uthibitisho kwenye ile laini iliyorudishwa, wakaamuru simu ile ifutwe. Jibu likaja kwamba itafutika ikishika intaneti. Mpaka leo hatujui kama ilifutika.

Alasiri hiyo aliniomba nimsindikize kwa Theopista. Tulimkuta uani anamenya ndizi. Hakusimama, na hakutukaribisha viti. Huku kwetu hata anayekuja kudai hupewa kiti.

"Mama Godlove, nimekuja kuomba..."

"Ngoja kwanza," alisema. "Uliibiwa lini?"

"Jumamosi mchana."

"Jumapili ukasimama madhabahuni."

"Nilisimama."

"Wilson akakuuliza kama una tangazo. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu."

"Nilisema sina." Sauti ya Eliudi ilikuwa ndogo. "Niliona aibu. Kwa yale niliyosema kwenye semina."

Theopista aliweka kisu juu ya ndizi.

"Neno moja tu, Mwinjilisti. Ungesema umeibiwa simu, ningejua siyo wewe. Mimi nimelala nikijua ni wewe. Watu kujua mwanangu yuko wapi, hilo nitalizoea. Lakini usiku ule nilitaka kuombewa, na sikuwa na wa kumwambia. Wewe ulikwepa aibu yako, ukaniachia mimi niibebe."

Eliudi alisimama pale mikono imening'inia, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Hakuyafuta. Kisha Theopista akanigeukia.

"Na wewe, uliisikiliza?"

"Niliisikiliza."

"Mpaka mwisho?"

Nikatazama maganda ya ndizi. Alichukua kisu, akaendelea kumenya, tukaondoka.

Wiki ile Eliudi aliandika majina ya kila aliyewahi kumtumia neno la siri. Walifika kumi na tisa. Alikwenda nyumba kwa nyumba kwa miguu, hadi kwa familia moja iliyohamia Shirimatunda, akawaambia ni nini chao kilikuwa ndani ya simu na kwamba haikuwa na loki. Wengine walimpa pole. Mzee mmoja alimsikiliza akiwa ndani ya geti, hakufungua. Waliotuma hela kwa yule mwizi hawakukubali awarudishie. Wazee wa kanisa nao, alipoomba kupumzishwa, walimwambia aendelee na kazi. Jumapili alisimama akaeleza yote, tangu ule uongo wa pale Mbuyuni. Jina la Theopista hakulitaja, na hakuna aliyepiga makofi.

Theopista alikosa mazoezi ya kwaya wiki tatu. Ya nne alikuja, akasimama mahali pake, akasema kabla hatujaanza: "Godlove yuko gerezani. Atatoka mwakani, mwezi wa pili. Mwenye swali aulize sasa." Tulifungua vitabu.

Eliudi anampa mkono mlangoni baada ya ibada, naye anaupokea. Gerezani Theopista anakwenda na wifi yake siku hizi. Mwezi uliopita Mwinjilisti alinipa mkungu wa ndizi nimpelekee. Theopista akauliza umetoka kwa nani, nikamwambia. Alisema niuache hapo nje, ukutani. Nilipopita kesho yake haukuwepo, na sikuuliza umekwenda wapi.